Namna Sleyum Alivyofilisika Mara ya Pili

Sleyum bin Humaid wa Ansab ni mtu ambaye ukimuuliza njia hakuelekezi, anakupeleka. Atavaa kofia yake, ataingia kwenye gari yako bila ya kualikwa, na mkishafika ndipo atakapokumbuka kuwa hana namna ya kurudi kwao. Ndivyo alivyo tangu nilipomjua. Aliletwa Maskati mtoto mdogo kutoka Unguja, akasoma hapa, akaajiriwa serikalini kwenye stoo, na katika utumishi wake wote hakupoteza hata msumari wa serikali. Vitu vyake mwenyewe ndivyo vilivyomshinda.

Alipostaafu, mkewe Buthaina alimsihi apumzike. Sleyum alijaribu, akachoka. Kisha akaja na fikra ya kuuza chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, ndani ya birika. Si chai kuwa ndani ya birika, hiyo kila mtu anauza. Muuzaji ndiye awe ndani ya birika. Alikwenda Wadi Kabir kwa fundi mwenye gereji, Awadh bin Saeed, akamtaka amtengenezee birika la faiba linalomzidi mtu kimo, juu ya magurudumu, lenye dirisha ubavuni na mdomo unaotoa mvuke.

"Mvuke wa nini?" Awadh aliuliza.

"Wa kuita watu."

Awadh, ambaye wazee wake walitokea Tabora na Kiswahili chake ni cha bara, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akalitengeneza, na likawa birika zuri hasa. Tabu ilikuwa ule mdomo. Mvuke ulipotoka ulipiga firimbi, na firimbi yenyewe ilisikika mpaka upande wa pili wa barabara kuu. Siku ya kufungua duka, zimamoto walikuja. Kesho yake walikuja tena, safari hii wakanywa chai, wakamwomba kwa adabu asichemshe maji. Sasa muuza chai asiyechemsha maji atauza kitu gani?

Biashara ikafa. Waliokuwa wanamdai Sleyum wakenda mahakamani, na Awadh alikuwa mmoja wao. Tena yeye aliwahi kuliko wenzake, akapata amri ya kuizuia nyumba ya Ansab isiuzwe wala isibadilishwe jina mpaka alipwe haki yake. Zuio la namna hiyo hapa kwetu tunaliita hajzi. Baadaye Sleyum akatangazwa muflisi, vitu vya biashara vikauzwa, birika likachukuliwa na mtu wa Sohar mwenye uwanja wa kuchezea watoto. Kila mdai akapata fungu lake kama sheria inavyotaka, hakimu akatamka kuwa yaliyobaki yamefutika, na Sleyum na mkewe wakaachiwa nyumba yao. Faili likafungwa. Sleyum akarudi nyumbani akalala mpaka adhuhuri.

Aliyemwakilisha wakati huo alikuwa wakili mwenye haraka, aliyekuwa na safari ya Salalah. Hakuna aliyekumbuka kuiomba mahakama iondoe na lile zuio.

Miaka ikapita. Nyumba ya Ansab ina ngazi za marumaru, na magoti ya Buthaina na marumaru hayakuwahi kupatana. Wakapata nyumba ya chini huko Yiti, imetulia, ina upepo wa pwani. Na ya Ansab wakaipatia mnunuzi, kijana mhandisi anayeitwa Yaqdhan, mwenye mke mja mzito na adabu nyingi mpaka zinachosha. Yaqdhan alikuwa akigonga mlango hata ulipokuwa wazi.

Wakaenda wote ofisi ya ardhi kubadilisha jina la nyumba. Karani akatazama skrini, akamtazama Sleyum, akaitazama tena skrini.

"Ammi, nyumba hii ina hajzi."

"Ya nani?"

"Ya Awadh bin Saeed, wa Wadi Kabir."

"Haiwezekani!" Sleyum alisema. "Mie nilishafilisika!"

Alilisema kwa fahari, kama mtu anayewaambia watu kuwa alishahiji. Foleni nzima ikageuka. Yaqdhan akatazama viatu vyake.

Karani alikuwa mpole. Alieleza kuwa waliletewa amri ya kuweka zuio, wakaliweka. Hawakuletewa amri ya kuliondoa, basi halikuondolewa. Iletwe hiyo amri, na yeye mwenyewe atalifuta mbele ya macho yao.

Sleyum akenda moja kwa moja kwa Bashayer, wakili kijana, binti wa jirani yetu. Bashayer alisikiliza, akapekua, akatabasamu.

"Jambo dogo hili, ammi. Deni lilikwisha kwenye kesi ya ufilisi, lakini zuio limesahauliwa. Tutaiomba mahakama ifungue tena lile faili, iliondoe zuio, ilifunge."

"Lifunguliwe tena?"

"Kwa jambo hili moja tu."

"Yaani mie katika faili lile nilishakufa, nikazikwa. Sasa mwataka kunifukua kwa sababu sanda imenasa mlangoni?"

"Takriban hivyo, ammi," Bashayer alisema.

"Na huyu Awadh?"

"Ataitwa, aulizwe kama ana pingamizi. Akija akasema hana, tumemaliza asubuhi moja. Hebu nenda ukamwone."

Sleyum alitoka pale moyo mweupe, akampigia simu mkewe. Lakini Buthaina alikuwa jikoni anakaanga sambusa, mikono ina unga, kwa hivyo aliyeibonyeza simu na kuifungulia sauti ni wifi yake, Bi Kheiria, dada mkubwa wa Sleyum. Bi Kheiria sikio moja halisikii vizuri, na hilo jingine husikia linachotaka.

"Buthaina, nimeshaonana na wakili," Sleyum alisema kwa furaha. "Inshallah karibu hivi wananifungulia tena ufilisi!"

Sambusa ziliungua, kwani Bi Kheiria alimshika Buthaina kwa nguvu na kumlaza kifuani kwake. Buthaina akawa anapiga kelele mle kifuani kuwa si hivyo, lakini kelele ya mtu aliyezibwa mdomo na kilio zinafanana. Alipojitoa, Bi Kheiria alikuwa keshakwenda sebuleni na simu yake, anatuma sauti kwenye kundi la ukoo.

"Jamani, ndugu zangu. Sleyum kafilisika tena. Nnakwambieni huku nnalia. Mkewe hawezi hata kusema."

Kundi lile lina watu wa Maskati, wa Unguja, wa Dubai na mmoja wa Kanada ambaye hajulikani nani alimtia. Alasiri haijaadhiniwa, watu wakaanza kuja.

Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimekuja na ndizi. Mlango wa Sleyum ulijaa viatu kama msiba. Wanawake wamekaa ndani na Buthaina, wanamkanda mabega. Jikoni kulikuwa na sufuria la pilau, sinia mbili za biriani, mkate wa kumimina, bakuli za halwa, na gunia la mchele ambalo aliyelileta alilitua na kuondoka haraka ili asishukuriwe. Muatasim, shemeji yake Sleyum, alileta mfuko wa nguo zake za zamani. Muatasim ni mfupi kuliko Sleyum kwa kichwa kizima.

Sleyum aliporudi alidhani mkewe kafa. Aliingia mbio bila ya kuvua viatu, akamkuta Buthaina yu mzima, anakula halwa na uso wa mtu aliyeshindwa.

"Nini hiki?"

"Umefilisika," Buthaina alimjibu. "Uliza wifi."

Sleyum akasimama katikati ya sebule kuwaeleza watu. Akasema ni faili tu, ni zuio tu, ufilisi ni uleule wa zamani, hakuna mpya. Na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumhurumia.

"Maskini, hataki kukubali," mmoja alinong'ona.

"Ndivyo inavyoanza," alisema mwingine. "Jirani yetu kule Ruwi naye alianza hivyohivyo, anazungumza mafaili."

"Sleyum," Muatasim alisema, amemshika mkono, "kanzu ni kanzu. Kama fupi, itakuwa ya nyumbani."

Katikati ya hayo akaingia Yaqdhan. Mhandisi alikuja kuuliza mambo ya nyumba yamefikia wapi, akaviona viatu mlangoni, akaona wanawake wanafuta macho, akaona sufuria. Basi akafanya anachofanya kila mtu mwenye malezi. Aliinamisha kichwa, akampa mkono kila mwanamume mle ndani, akasema Mungu ayakuze malipo yenu, kama wanavyoambiwa wafiwa, akakaa kwenye zulia. Akaletewa pilau, akala kwa huzuni. Alipomaliza aliniegemea mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini aliyefariki ni nani.

"Hakufa mtu," nikamwambia. "Limefufuka faili."

Yaqdhan alifikiri kidogo. Halafu akauliza kama anaweza kupata pilau kidogo ya kumpelekea mkewe, maana siku hizi mkewe hastahimili harufu ya nyama ila iliyopikwa kwa mkono wa Unguja.

Kesho yake Buthaina alimlazimisha Bi Kheiria atume sauti nyingine ya kusahihisha. Akaituma kweli. Lakini ilikuwa ndefu mno, ilianzia tangu lile birika, na hakuna aliyeisikiliza hadi mwisho isipokuwa yule wa Kanada, ambaye alijibu kwa kidole gumba.

Sleyum akenda Wadi Kabir. Hakuwa amekanyaga pale tangu biashara ilipokufa. Alimkuta Awadh yuko chini ya basi dogo, miguu tu ndiyo inaonekana, akaisalimu miguu.

"Salam alaykum, Bwana Awadh."

Miguu ikatulia. "Alaykum salaam. Sauti hiyo naijua."

"Ni mie, Sleyum."

Awadh akatoka taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Wakaulizana hali, wakaulizana watoto. Sleyum akaeleza habari ya zuio. Awadh alishangaa kikwelikweli.

"Zuio gani? Mimi nililisahau siku nyingi. Nilishapewa fungu langu, nikasema alhamdulillahi." Kisha uso ukamchangamka. "Kwa hiyo miaka yote hii, nyumba ya Ansab haiuziki mpaka mimi nitake? Laiti ningejua! Ningekuwa napita pale Ijumaa kukagua rangi."

Sleyum alicheka, akaona mambo yamekwisha. "Basi utakuja mahakamani useme huna pingamizi."

Awadh akaanza kukunja kile kitambaa, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo.

"Pingamizi ninalo," alisema.

"La nini?"

"Ulimwoza Taghreed."

Taghreed ni binti yake wa pekee, na arusi yake ilikuwa kubwa, ya watu wengi mno.

"Ulialika watu wa Seeb, ukaalika watu wa Barka," Awadh aliendelea. "Ukamwalika yule anayekuuzia samaki. Mimi nilisikia kwa fundi wa taa za ukumbini. Kufilisika si kosa, Sleyum, Mungu ndiye mpaji. Lakini arusi! Nenda. Tutaonana kwa hakimu."

Akarudi chini ya basi.

Bashayer alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akafunga mlango wa ofisi. Akamwambia Sleyum asiwe na wasiwasi, hakimu anaweza kuliondoa zuio hata Awadh akikataa, maana deni halipo tena. "Lakini, ammi, usiseme chochote ila ukiulizwa." Sleyum akaapa.

Siku ya kesi ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, kina baridi ya kiyoyozi, na hakimu alikuwa mtu wa makamo, mkavu, anayezungumza Kiarabu cha vitabuni. Bashayer akaeleza ombi lake vizuri. Hakimu akakubali faili lifunguliwe kwa ajili ya zuio tu, akamgeukia Awadh, ambaye siku hiyo alivaa kanzu mpya na kilemba cha siku ya Idi.

"Una deni lolote lililobaki kwa mtu huyu?"

"Sina, mheshimiwa. Limekwisha."

"Una pingamizi zuio liondolewe?"

"Ninalo."

Hakimu akainua kichwa. "Kwa msingi gani?"

"Arusi," Awadh alisema.

Hakimu akamtazama Bashayer. Bashayer akatazama dari. Awadh akaanza kueleza kwa Kiarabu, lakini alipofika kwenye muuza samaki hasira zilimpanda, na Kiarabu kikamkimbia. Akamgeukia Sleyum kwa Kiswahili.

"Wewe ni mtu wa namna gani? Unaniruka mimi kama dimbwi la maji!"

Sleyum akasahau kiapo chake. "Niliona haya! Ungekuja arusini, watu wangesema yule pale anayemdai baba wa bibi arusi! Nifanyeje?"

"Nani angesema? Mimi ningekaa nyuma! Ningekula nikaondoka!"

"Wewe huwezi kukaa nyuma, Awadh, una kilemba kama kuba la msikiti!"

"Kilemba changu kimekukosea nini?"

Hakimu akagonga meza. Akamuuliza Bashayer kwa Kiarabu, "Wakili, wanasema nini hawa?"

Bashayer aliwatazama wazee wawili waliokuwa wanahema. "Wanaulizana hali, mheshimiwa," alijibu. "Hawajaonana siku nyingi."

Hakimu akavua miwani, akaipangusa kwa utulivu, akaivaa. Kisha akazungumza kwa Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili cha Unguja mjini, kizito, cha vibaraza.

"Mwanangu, mie nimelelewa na bibi yangu, mzaliwa wa Malindi ya Unguja. Kuulizana hali nnakujua. Humo hamtajwi kilemba."

Bashayer alibadilika rangi. Sleyum na Awadh wakakaa chini pamoja, kama watoto walioonwa juu ya mti wa watu. Hakimu akarejea kwenye Kiarabu chake cha vitabuni, akasema kuwa deni limekwisha katika ufilisi na zuio halina tena kitu cha kulinda, hivyo liondolewe, na faili lifungwe. Ama arusi, mahakama haina mamlaka nayo. Akamwonya wakili achunge tafsiri zake. Halafu, wakati wanatoka, akauliza kwa Kiswahili, kama anajiuliza mwenyewe, "Hata kadi hakupelekewa?"

"Hata kadi," Awadh alisema kutoka mlangoni.

Hakimu akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Nje ukumbini wakasimama, kila mmoja anatazama upande wake. Bashayer alikwenda kunywa maji. Aliyeanza ni Sleyum.

"Taghreed kajifungua mtoto wa kike. Akika ni Ijumaa. Njoo wewe na watu wako."

"Nani wengine umewaalika?"

"Bado hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

Awadh akajikohoza, akarekebisha kilemba. "Nitaangalia kama nina nafasi," alisema, na Ijumaa alifika alfajiri, kabla ya mpishi, yeye na wake wa wanawe wawili, wajukuu, na kondoo aliyefungwa utepe. Buthaina alimfungulia akiwa na taulo kichwani.

Siku hiyo alikaa mbele kabisa. Bi Kheiria, ambaye hakumjua, alipita na sinia ya ubani akampenda kwa heshima zake, akamuuliza ni nani katika ukoo.

"Mimi ndiye mdai, mama," Awadh alijibu kwa unyenyekevu.

Bi Kheiria alitua ile sinia, akavua bangili zake zote za dhahabu na kuzitia ndani ya sidiria. Hakuzitoa mpaka magharibi, na kila akitembea alikuwa analia kama kengele ya mbuzi. Alikuja kueleweshwa siku za baadaye, na sasa akikutana na Awadh humwita mwanangu, ingawa wanakaribiana umri.

Nyumba ilibadilishwa jina bila ya tabu. Yule karani alilifuta zuio mbele ya macho yao kama alivyoahidi, na akageuza skrini ili Sleyum aone. Yaqdhan alihamia Ansab na mkewe, wakapata mtoto wa kiume, na bado anagonga mlango kabla ya kuingia, nyumba ikiwa yake. Sleyum na Buthaina wakahamia Yiti.

Nilikwenda kuwatazama juzi. Nyumba ni ndogo, haina ngazi hata moja, na magoti ya Buthaina yametulia. Madirisha ya Yiti ni mafupi kuliko ya Ansab, kwa hivyo mapazia waliyohama nayo yanaburuzika chini, na paka mmoja wa mtaani kajifanyia kitanda kwenye pazia la sebuleni. Nikamuuliza Buthaina kwa nini hayapunguzi. Akaniashiria nipunguze sauti, kwani paka alikuwa amezaa humo, na Sleyum alikuwa kalala sakafuni pembeni yao, na kofia usoni, tangu walipomaliza kula.